Namba ya Ijumaa: Maisha ya Dada Yetu, Bi Rudia (1958–2018)

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, kabla udongo haujarudishwa tusikilizane kidogo. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, mtu asiyezoea kusimama mbele ya watu. Karatasi hii, isipokuwa mwisho wake, marehemu aliipitia mwenyewe wiki tatu kabla ya kutuacha. Alikata mistari kumi na mmoja, yote ya sifa, kisha akaandika pembeni kwa penseli: "Kwanza semeni la Ijumaa. Mkimaliza, kama bado mna hamu, nisifuni." Basi litasemwa, litakapofika mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na wawili wa katikati walimtangulia kaburini. Baba yetu alitunza boila la mvuke kiwandani humo. Mama alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mama alipenda kusimulia kwamba binti yake akitumwa kuangalia kama nguo zimekauka, alirudi akasema, "Zimekauka," halafu papo hapo akageuka kwenda kuzishika tena. Mimi nilipougua homa nikiwa na miaka minne, alinipima kwa kipimajoto cha kuazima mara tatu mfululizo. Mama akamuuliza kulikoni.

"Huenda kimekosea," akajibu.

Mara ya tatu homa yenyewe ikawa imeshuka, nadhani kwa kuchoshwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1972. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Mwanafunzi hodari, ila haamini hata jibu lake mwenyewe." Baba aliicheka ripoti ile miaka na miaka. Mwaka 1977 alichaguliwa kusomea kazi ya maabara ya hospitali, akahitimu Mei 1980 akiwa wa pili katika darasa la watu ishirini na wanane. Wa kwanza, alituambia, alikuwa na mwandiko mzuri.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika maabara ya hospitali kuu, akakaa hapo miaka thelathini na mitatu. Maabara ilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido, madirisha yakitazama chumba cha kufulia. Kulikuwa na meza tatu ndefu zilizoliwa na asidi, mashine mbili, friji moja, na simu nyeusi iliyofungwa ukutani kando ya mlango. Kazi yake ilikuwa kupima damu na mkojo: chumvi, sukari, taka za figo, madini. Kila aliyefundishwa naye alisikia neno moja kabla hajasikia jina lake: "Rudia." Ndipo likaja jina la Bi Rudia, na mwishowe hata mshahara wake uliulizwa kwa jina hilo.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984. Mumewe, shemeji yetu, ni fundi wa majokofu. Aliitwa kutengeneza friji ya maabara, akaitengeneza, na wiki iliyofuata ikaharibika tena. Ikaharibika mara nne ndani ya miezi miwili. Baba, aliyezijua mashine, alimvuta kijana huyo kando siku alipokuja kujitambulisha, akamwuliza, "Fundi, hiyo friji ilikuwa mbovu kweli?"

"Mzee," akajibu, "mara ya kwanza ilikuwa mbovu."

Walijaliwa watoto wawili, binti na mwana. Nyumba yao ilikuwa ya kicheko. Sisi wadogo tulikwenda pale kama watu wanaokwenda kuota jua.

Sasa la Ijumaa.

Mwaka 1991 wodi ya saratani ilimlaza mpiga chapa wa miaka thelathini na minne. Alikuwa na saratani ya kiume, ya korodani, ile ambayo ikiwahiwa hupona. Alikuwa akipewa dawa yenye platini, kwa dripu, na dawa ilikuwa imefanya kazi: uvimbe uliisha, daktari akamwambia mama yake aanze kumwandalia chumba. Lakini mikono yake ilianza kutetemeka. Alibanwa na misuli ya miguu. Akinywa maji, kikombe kiligonga meno. Vipimo vya figo vilirudi vizuri, mara mbili.

Hapa marehemu alitaka jambo moja lieleweke, nami nalisema kwa maneno yake. Kazi ya figo si kutoa taka tu. Ni kutoa taka na kurudisha mwilini kile kinachofaa. Dawa ile, pamoja na wema wake, hujeruhi pale panaporudisha. Kwa hiyo taka hutoka sawasawa, kipimo cha kawaida kinasema figo ni nzima, na wakati huohuo magnesi inatoka pamoja na taka, na zinki nayo inafuata. "Mtu anaisha madini," alisema, "huku mkononi ameshika karatasi inayosema hajambo." Magnesi ikipungua mno, misuli hutetemeka. Na moyo ni msuli.

Ijumaa, tarehe 16 Agosti 1991, daktari kijana wa wodi ile aliomba magnesi ya mpiga chapa ipimwe. Lilikuwa ombi la nadra siku hizo. Dada ndiye aliyepanda kuitoa damu. Alikumbuka wino chini ya kucha za mgonjwa, na kwamba mgonjwa aliomba radhi kwa mkono wake kutotulia.

Saa tisa na dakika arobaini alasiri mashine ikatoa namba: sufuri nukta tatu. Mtu mzima anaanzia sufuri nukta saba. Dada aliitazama, akasema, "Mashine hii tena." Wiki nzima ilikuwa imewasumbua. Jumatano ilimpa mpishi wa hospitali namba za maiti, na mpishi yuko jikoni anakoroga sufuria. Jumatano hiyohiyo muuguzi mkuu wa wodi alipiga simu akawafokea: "Mnatutisha bure! Kabla hamjapiga, hakikisheni!"

Dada akataka kurudia. Dawa ya kupimia ilikuwa imekwisha; chupa mpya ingefika Jumatatu. Akaandika jina la mgonjwa na tarehe kwenye kichupa, akakiweka kwenye friji. Alipofika mlangoni aliweka mkono juu ya simu. Mkono ulikaa pale, kwa hesabu yake, muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Kisha akauondoa, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani.

Mpiga chapa alifariki Jumapili, saa ya chakula cha mchana, mama yake akimmenyea chungwa. Alishtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa, basi.

Jumatatu chupa mpya ilifika. Dada akarudia kipimo. Sufuri nukta tatu. Akabadilisha kila kitu, akarudia. Sufuri nukta tatu. Akarudisha kichupa nyuma ya friji, akaandika jibu kwenye daftari na kwenye karatasi, karatasi ikapanda wodini, ikatiwa katika faili lililokwisha kufungwa. Kwenye cheti waliandika moyo ulisimama, na si uongo. Hakuna aliyemwuliza chochote. Aliniambia, "Ningeulizwa ningejibu. Nilikaa nikingoja niulizwe. Hilo ndilo lililonila, mdogo wangu: walivyokuwa wapole."

Sisi wa nyumbani tuliona mambo bila kujua sababu. Vikombe vya bati vilitoweka jikoni, vikaja vya plastiki. Simu ya nyumbani ikiita, hata awe na povu mikononi, alikimbia kuipokea, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Maabara." Watoto walimtania kwa hilo wakakua wakimtania. Mara moja, tukiwa sokoni mimi na yeye, aliniachia kikapu akamfuata mwanamume mmoja mitaa miwili. Alirudi akitweta.

"Dada, ni nani yule?"

"Si mtu," akasema. "Ni jinsi alivyoushika mkono wake."

Nilidhani ni uchovu wa kazi. Kicheko cha nyumba ile hakikuisha, ila kilianza kuwa na mahali pa kusimama ghafla, kama mtu anayetembea gizani akakumbuka ngazi.

Kazini hakupumzika. Alimfuata daktari yule kijana, ambaye leo ni mzee mwenye mvi na yuko hapa nasi, akamwambia kwamba kila mgonjwa wa dawa ile apimwe magnesi na zinki, kwenye damu na kwenye mkojo. Walianza mwaka 1993. Kukusanya mkojo wa mtu wa mchana na usiku mzima si jambo la heshima. Walitumia madumu ya lita tano, na Dada mwenyewe aliyabeba kutoka wodini, mawili mkono huu, mawili mkono ule, wahudumu wakimpisha kwenye korido huku wameziba pua. Kwa miaka mitatu walipima wagonjwa sitini na wawili. Zaidi ya nusu walikuwa wakipoteza magnesi, na wengi wao vipimo vya kawaida vya figo vilisema wazima. Zinki ilipanda kwenye mkojo baada ya kila dripu. Kuanzia Februari 1997 wodi ile ikaweka utaratibu: magnesi iongezwe kwenye dripu tangu siku ya kwanza, damu ipimwe kabla ya kila mzunguko wa dawa, na namba mbaya isemwe kwa simu papo hapo, hata kama mashine inashukiwa. Sharti hilo la mwisho aliliandika yeye. Daktari alipofanya kikao cha kumshukuru, walimkuta kwenye sinki anaosha vichupa, na hakutoka.

Tarehe 10 Machi 1999 hospitali ilinunua friji mpya ya maabara. Shemeji aliitwa kuitoa ile ya zamani, ileile iliyomwoza. Nyuma kabisa, ndani ya barafu, alikuta kichupa chenye damu iliyogeuka rangi ya udongo. Kilikuwa na jina la mwanamume na tarehe ya karibu miaka minane nyuma, kwa mwandiko wa mkewe. Alikifunga kwa gazeti akaja nacho nyumbani, akakiweka mezani.

"Mama watoto," akasema, "huyu ni nani?"

Shemeji anasema alijiandaa kwa habari nyingine, kama mwanamume yeyote angejiandaa. Dada akavuta kiti, akakaa, akasema yote, kutoka mashine mpaka chungwa. Alipomaliza, shemeji aliuliza:

"Ana mama?"

"Alikuwa naye."

"Basi si mimi wa kuambiwa."

Jumamosi ya tarehe 13 walikwenda. Mama wa mpiga chapa alikuwa akiishi chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Aliwakaribisha, akawapa viti, yeye akakaa kitandani. Dada alisema bila kupamba. Shemeji alikuwa ameshika kofia yake, anasema mpaka leo anaikumbuka mishono yake yote.

Bibi yule aliuliza, "Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Naye thelathini na minne." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Mwanangu, nikikusamehe leo, utakuja tena?"

Dada, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema asilolijua, akajibu, "Sijui, mama."

"Basi leo sikusamehe. Njoo Jumamosi."

Akaenda Jumamosi. Akaenda Jumamosi zote kwa miaka kumi na mmoja. Alimpikia, alimsomea barua, alimkata kucha, aligombana naye kuhusu dawa za presha. Watoto wake walimwita Bibi wa Jumamosi. Kila alipoaga, bibi alisema, "Bado," naye Dada akasema, "Haya mama, wiki ijayo." Nilimwuliza mara moja kama halikuwa jambo la kikatili. Akanicheka. "Wewe unadhani ananiadhibu? Yule ananialika."

Katika miezi ya mwisho, mwaka 2010, akili ya bibi ilianza kupotea. Jumamosi moja ya Mei Dada aliingia, bibi akainua uso, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama kidole kwa kidole.

"Umekuja, mwanangu," akasema. "Mikono imetulia?"

Dada akasema, "Imetulia, mama."

Bibi akafariki Alhamisi iliyofuata. Dada alirudi kutoka mazikoni akaja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza habari hii yote kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na suruali ya mtu kwenye cherehani na sikuweza kuimaliza siku ile. "Sijui kama nilisamehewa mimi," akasema, "au alipokewa mwanawe." Jibu hilo alilitafuta mpaka mwisho.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2013. Septemba 2016 alibainika kuwa na saratani ya ovari. Daktari, yuleyule, alikaa mbele yake akazungusha kalamu muda mrefu.

"Dawa ni ileile," akasema.

"Najua. Wewe unaogopa nini? Si tuliiandikia utaratibu?"

Alilazwa katika wodi aliyoibebea madumu. Mkojo wake ukashuka korido ileile kwenda meza ileile. Mizunguko miwili ya kwanza ilikwenda salama. Baada ya wa tatu, pamoja na kuongezewa magnesi, figo zikaanza kuvujisha kuliko walivyoweza kujaza. Ladha ilimtoka kwanza. Chakula, alisema, kilikuwa kama kulamba funguo. Kidonda kidogo cha sindano kilikaa wiki tano bila kufunga. Kisha mikono. Shemeji alimpa maji, kikombe kikaanza kugonga meno, na Dada akakishusha taratibu, akakitazama.

"Kumbe ndivyo kinavyosikika kwa ndani," akasema.

Shemeji anasema kuanzia hapo aliongea kama chumbani kuna mtu mwingine. Hakuwa na hofu. Aliongea kwa adabu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni anayemdai maelezo. Mara nyingine alisogeza miguu kitandani, kumpa nafasi.

Alhamisi, tarehe 24 Novemba 2016, saa nne asubuhi, walimtoa damu. Saa nne na nusu simu ya meza ya wauguzi ikaita. Kitanda chake kilikuwa karibu. Yeye na mumewe walimsikia muuguzi akirudia, "Sufuri nukta tatu nane? Una hakika? ... Haya, hata kama mashine inashukiwa, sawa, tunaanza." Muuguzi alikuja akikimbia na dripu. Aliyepiga simu ni binti wa maabara ambaye Dada alimfundisha mwaka wake wa mwisho kazini, na hakujua damu aliyoipima ni ya nani. Alikuwa na namba ya kitanda tu. Dada alijifunika shuka usoni akalia kwa sauti, yeye ambaye hatukumwona akilia kwenye msiba wa baba wala wa mama.

"Wamepiga, Fundi," akawa anamwambia mumewe. "Wamepiga."

Moyo wake haukusimama siku ile. Alimaliza matibabu Februari 2017, akarudi nyumbani, akawa na miezi minane mizuri. Aliona mjukuu wa tatu akizaliwa. Ladha ilirudi, na siku iliporudi alikula nyanya nne mbichi amesimama mlangoni, chumvi mkononi. Lakini figo zilikuwa zimechoka. Novemba 2017 saratani ilirudi, ikaziba njia ya mkojo, na Februari mwaka huu figo zikaanza kushindwa kabisa. Siku moja nilikuwa nimeketi naye matokeo yalipoletwa, nikataka kuikunja karatasi. Akanyoosha mkono, akasoma. Magnesi ilikuwa imepanda juu kuliko kawaida. Nikafurahi, mjinga mimi.

"Si heri hiyo," akaniambia kwa upole. "Mwanzo zilikuwa zinamwaga. Sasa hazitoi tena kitu. Figo zimefunga duka, mdogo wangu."

Tulicheka, Mungu atusamehe, tukacheka wote wawili mpaka shemeji akaja kuona kuna nini.

Siku ileile aliniagiza nimshonee gauni la kuzikiwa. Nilikataa. Akasema, "Ukingoja, utanipima nikiwa siwezi kukuambia panapobana." Nikaleta futi. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, akainua mikono mmoja mmoja, nikampima kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kitambaa alichagua mwenyewe, kijani kilichokoza. Baada ya wiki mbili nilimjaribisha, gauni likawa kubwa, nikapunguza mbavuni. Baada ya wiki nyingine, likawa kubwa tena.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Machi 2018, saa sita na robo mchana, nyumbani kwake, siku sita kabla ya kutimiza miaka sitini. Mumewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Mchana huo nililipunguza gauni mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kuniambia panapobana.

Marehemu ameacha mume mmoja, fundi wa majokofu, binti mmoja, mhandisi wa barabara, mwana mmoja, mwalimu, wajukuu watatu, na mdogo mmoja, mimi. Ukoo wa mpiga chapa nao uliarifiwa, kama alivyoagiza. Dada wa mpiga chapa yuko pale nyuma, amesimama karibu na lango. Tulimkaribisha viti vya mbele, akasema pale panamtosha. Tunamshukuru kwa kuja, wala hatumwombi aseme neno lolote.

Sifa alizikata, nami sitazirudisha. Sasa tumlaze. Alale salama, nasi tujaliwe kumwacha alale.